Prosesa Isiyotoa Picha

4 Februari

Kaka yangu,

Pokea salamu, na umpe Mama za kwake kabla hajaanza kukuuliza barua imetoka kwa nani. Sisi huku wazima, kama uzima ni kuamka na kufungua mlango wa kazi. Miguu ya Mama inaendeleaje? Na wewe, kile kifua? Wifi yangu mwambie nimemnunia, tangu mwaka uanze hajanipigia hata kuniuliza kama nimekonda. Shemeji yako hajambo, anakusalimu.

Najua umeshaanza kunung'unika kwamba simu zipo. Zipo, lakini yako anaiwahi Mama, na Mama akiishika siwezi kusema lililonifanya nipige. Ukiipokea mwenyewe ndiyo kabisa, hata hatujamaliza kujuliana hali tumeshakatiana. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, hata kama umekunja uso.

Shida yangu ni kompyuta. Ile ya studio imechoka kuliko mimi. Unaukumbuka mpangilio wetu: chumba cha mbele mimi napiga picha za vitambulisho, chumba cha nyuma, kile tulichobandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, shemeji yako anarekodi. Sasa kuna kituo cha redio kinataka mchezo wa kuigiza wa kila wiki. Mtayarishaji wao alisikia kazi za zamani za shemeji yako akazipenda, ametupa mpaka mwisho wa Juni tumpelekee sehemu tatu za kwanza. Akiridhika, tuna kazi ya mwaka mzima. Asiporidhika, kaka, tunafunga. Sikutishi. Mwenye nyumba ameshaleta mtu kukitazama chumba. Mtu mwenyewe anauza magodoro, akazigonga trei zangu kwa ngumi akauliza kama zinabanduka.

Mchezo mmoja una sauti nyingi. Kila mwigizaji ana yake, halafu mvua, mlango, miguu, gari linalopita nje. Kila moja inakaa peke yake ndani ya kompyuta, inasafishwa, inapambwa. Zikianza kuwa nyingi mashine yetu inakwaruza, inakwama, inalala. Fundi wa hapa mtaani anasema tuitoe prosesa, ule ubongo wake, tuweke nyingine, pamoja na ule ubao inapochomekwa. Amenionyesha moja ya viini sita, bei yake nafuu mpaka nikaogopa. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Wewe ndiye unayepima vitu hivi na kuvipa alama gazetini, na watu wananunua kwa neno lako. Niambie kama ina thamani. Ila usiniandikie kama unavyoandika gazetini. Niandikie kama unaongea na dada yako.

Wako,
Chiriku

*

21 Februari

Chiriku,

Salamu zimefika. Mama hajambo. Miguu inavimba jioni, na asubuhi anakana kwamba ilivimba. Kifua changu kipo. Kazi nayo ipo. Wiki hii mezani kwangu kuna prosesa nne. Nazichomeka, nazipaka dawa ya kupozea, nazichosha kutwa nzima, naandika joto, naandika kasi, natoa alama. Wiki ijayo zitaletwa nyingine nne ambazo zimezipita hizi kwa kiasi cha kucha, na nitatakiwa niandike kana kwamba dunia imebadilika. Nimechoka, mdogo wangu, lakini ndiyo kazi.

Hiyo uliyoniandikia naijua. Niliipima ilipotoka nikaipa alama nne kati ya kumi. Ngoja nikueleze kwa maneno ya nyumbani.

Viini ni mafundi. Prosesa ya viini sita ni karakana yenye mafundi sita, na inapendeza kuisikia. Lakini ziko kazi zisizogawanyika. Ukiwapa mafundi sita washone kifungo kimoja, mmoja anashona na watano wanamtazama. Kwa kazi za hivyo afadhali wanne wenye mikono myepesi. Kwa hiyo usianze kuuliza viini vingapi. Anza kuuliza ni kazi gani, anaifanya nani, na anaifanyaje. Wewe hukuniambia.

Tena bei uliyoiona siyo bei. Hiyo prosesa haitoi picha. Nyingine nyingi zina sehemu ndani yake ya kupeleka picha kwenye kioo cha kompyuta. Hii wameiondolea, ndiyo maana ikawa rahisi. Itabidi ununue kadi ya picha pembeni, na ukishainunua, ule unafuu wote kwaheri. Ubao wake nao ni wa toleo linaloondoka sokoni, siku ukitaka kupanda ngazi utaanza upya. Na feni inayokuja nayo inapiga kelele kama mtu aliyefungiwa stoo.

Chukueni ile ya viini vinne yenye picha ndani. Ni ghali zaidi, lakini ukilipa umemaliza.

Sasa niulize na mimi. Mbona unaandika wewe? Mwenye kuitumia ni shemeji. Mwambie aniandikie mwenyewe, anieleze anatumia programu gani na anafanyaje kazi yake. Kwani mikono yake ina nini? Na video mmeziacha lini? Umetaja sauti tu, wakati video ndizo zinazolipa.

Kaka yako

*

14 Machi

Bwana Alama, kaka yangu,

Sisi wazima. Mama mwambie kile kitambaa nimekipata, ila rangi aliyoitaka haipo, aache kunilaumu kabla hajakiona. Wifi yangu hukunijibu habari zake. Au naye amepewa nne kati ya kumi?

Ile habari ya mafundi na kifungo nimemsomea shemeji yako, amecheka mpaka akakohoa. Ilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka hivyo, kwa hiyo nakushukuru kwa hilo kabla sijakugombeza kwa mengine.

Video tumeziacha, na kamera tumeiuza. Zinachosha. Usinichimbe. Shemeji yako ana shughuli nyingi, ndiyo maana naandika mimi. Kwani mwandiko wangu umekuudhi?

Umeuliza kazi. Kazi yetu inagawanyika, kaka, nimekaa nimeitazama. Mvua haiusubiri mlango, mlango haumsubiri mwigizaji. Kila fundi wako anaweza kubeba sauti zake bila kumsumbua mwenzake. Halafu kuna programu nyingine ambayo lazima iwe inafanya kazi pembeni tangu asubuhi hadi tunapofunga. Hiyo nayo inataka fundi wake peke yake. Ni ya kurahisisha kazi tu. Ile yako ya viini vinne tumekwenda kuiulizia. Muuzaji alipotaja bei nilimwomba arudie, nikadhani ametaja ya kompyuta nzima.

Sasa nijibu hili, na usinicheke. Tuseme picha hatuitaki. Tuseme mezani hakuna kioo kabisa. Hapo prosesa hiyo ina thamani au haina?

Nijibu upesi. Juni si mbali, na mimi nimechoka kusimama kaunta nikiwaambia wateja "yuko ndani, ana kazi". Nimelisema hilo mpaka ulimi umeota sugu.

Chiriku

*

2 Aprili

Chiriku,

Mama anakusalimu. Anauliza kama mumeo anakula vizuri, sijui leo amemkumbukia wapi.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani nimeruka mahali. Kompyuta isiyo na kioo! Kwa kazi hii yangu nimeulizwa maswali ya kila namna. Kuna mtu aliniuliza kama prosesa ikilowa chai inaanikwa juani. Lako limelipita hilo. Kazi ya sauti inafanywa kwa macho, dada. Mawimbi ya sauti unayaona yamelala pale kwenye kioo, unakata unapopaona. Mkiinunua hiyo prosesa mtakaa wawili mbele ya kioo cheusi mkiipapasa kompyuta kama vipofu. Hiyo ndiyo thamani yake kwenu.

Na nitasema jingine, ukinuna nuna. Wazo hili halikutoka kichwani mwako. Limetoka kwa shemeji. Tangu siku ile alipokuja kujitambulisha nyumbani, amechelewa, viatu vumbi tupu, hajui hata alichojia kusema, nilimpa alama zake moyoni, na mpaka leo hajanipa sababu ya kuzipandisha. Ameuza kamera. Ameacha kazi inayowalisha. Sasa hata kalamu hataki kuishika, amekutanguliza wewe. Mwanamume mzima amejificha nyuma ya mke.

Msiinunue. Zile alama nne zilikuwa za huruma.

Kaka yako

*

13 Mei

Chiriku,

Nimengoja barua, haikuja. Nikipiga simu unasema "tutaongea, kuna mteja", na mteja mwenyewe simsikii. Mama kila nikirudi kazini ananitazama mikononi kama nimeshika bahasha. Kisha anarudi kukaa.

Labda nilikuwa mkali. Naandika watu wazima wasome, nimezoea kukata moja kwa moja, na kalamu haijui kama huyu ni dada.

Kazini wameniletea tena ile prosesa yenu. Bei yake imeshushwa, na mhariri anataka niipime upya niseme kama kwa bei hii sasa inafaa. Nimeiweka mezani naitazama tu. Kila nikianza kuandika kwamba haifai, najiuliza haifai kwa nani, nakwama. Jambo hilo halikuwahi kunipata. Zamani nilikuwa napima, naandika, navaa koti naondoka.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kadi ya picha. Ni ya zamani, nimeichomoa kwenye mashine yangu ya nyumbani. Siku hizi nyumbani sitazami kitu, nikifika nakaa. Kama mmeshainunua ile prosesa, chomekeni kadi hii, picha itatoka. Kama hamjainunua, iuzeni mlipe kinacholipika. Usinishukuru. Niandikie tu kwamba mpo.

Kaka yako

*

3 Juni

Kaka,

Mama mpe salamu, lakini barua hii usimsomee. Mwambie nimeandika habari za kompyuta, hatauliza zaidi.

Kadi imefika. Nairudisha pamoja na barua hii, na siirudishi kwa hasira. Hatuihitaji.

Shemeji yako haoni.

Nimetafuta namna nyingine ya kuiandika sentensi hiyo, karatasi kadhaa nimezitupa, haina namna nyingine. Ilianza pembeni ya macho. Akawa anagonga mabega milangoni, nami nikawa namtania kwamba nyumba imekuwa ndogo kwake. Tulipofika kwa daktari akasema ni presha ya macho, na tumechelewa, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mwisho wa mwaka jana alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwaka huu hata tundu likazibwa. Ndiyo maana kamera iliuzwa. Ndiyo maana hakuandikii.

Alinikataza nisimwambie mtu yeyote wa kwetu. Nikamwambia Mama hana neno. Akasema, "Simwogopi Mama. Kaka yako ananingoja nianguke tangu siku ya kwanza, usimpe raha hiyo." Nikaapa, na tangu niape nimekuwa mtu wa kupiga chenga: kwako, kwa wateja, kwa redio, hata kwa jirani anayeniuliza mbona mumeo siku hizi anashika ukuta.

Prosesa tuliinunua kabla barua yako ya Aprili haijafika. Fundi wa mtaani alituazima kadi ya picha kwa siku moja, akaweka programu zote, akaweka na ile niliyokuficha, inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kompyuta. Halafu akaichomoa kadi yake, akang'oa na kioo, akaondoka. Sasa mezani kuna kibodi, spika na hedifoni, basi. Shemeji yako anabonyeza, kompyuta inamwambia yuko wapi, anakata kwa kusikia.

Usidhani ilikuwa rahisi. Wiki za mwanzo alikosea akafuta kazi ya kutwa nzima. Akalaza kichwa juu ya kibodi, na kompyuta ikaanza kusoma herufi moja, "je, je, je, je", haikomi. Nikacheka, sikuweza kujizuia. Akacheka na yeye. Kisha akalia, nami nikaitwa kaunta kumpiga mtu picha ya kitambulisho, nikamwambia akae wima, asitabasamu, macho yangu mwenyewe yamevimba.

Wale mafundi wako sita, mmoja anamsomea na watano wanabeba mvua na milango. Sauti zote za sehemu ya kwanza zimekaa pamoja bila mkwaruzo hata mmoja. Feni kweli inapiga kelele, hapo ulisema haki. Tumetoboa ukuta, sanduku la kompyuta likahamia upande wangu chini ya kaunta, wateja wakisikia inavyounguruma wanadhani nauza soda baridi.

Sasa nikueleze kimya changu. Barua zako huwa namsomea. Anaziomba mwenyewe, anasema unaeleza vizuri kuliko unavyoongea. Ile ya Aprili niliifungua mbele yake bila kuipitia kwanza. Nilipofika kwenye kioo cheusi nikaruka mstari. Akasema, umeruka, rudi. Nikarudi. Nikasoma vipofu, nikasoma viatu, nikasoma mwanamume aliyejificha nyuma ya mke, mpaka sahihi yako mwishoni. Akavaa hedifoni zake, akaendelea na kazi.

Nilikuchukia, kaka. Najua hukujua. Kila nikikaa kukuandikia najiambia hakujua, halafu naikumbuka sura yake akiniambia rudi, naiweka kalamu chini.

Nakuandikia leo kwa sababu yeye ndiye aliyesema niandike. Alipoipapasa ile kadi yako akauliza ni nini, nikamwambia, akaishika kitambo kirefu. Akasema, mwambie ukweli, mtu asizidi kuchomoa vitu vyake kwa ajili yetu bila kujua.

Sehemu mbili zimekwisha. Imebaki moja, na mwezi umeshaingia. Nimechoka kaka, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Dada yako

*

17 Juni

Dada, na wewe shemeji,

Dada, barua hii isome yote kwa sauti, hata pale utakapoona nimejikanyaga. Mama sijamwambia. Mtamwambia wenyewe siku mtakayotaka.

Shemeji, naona haya. Nimeandika sentensi hiyo nikakaa, kwa sababu nimezoea kuandika mengi na hapa sina la kuongeza. Nilikuona mvivu wakati ulikuwa unajifunza kazi yako upya kutoka mwanzo. Nilisema umejificha. Ulikuwa na sababu ya kujificha, na sababu hiyo ni mimi. Naomba radhi kwa maneno yale, na kwa yale niliyoyabeba moyoni miaka yote kabla sijayaandika. Viatu vina vumbi! Ulitembea kwa miguu kutoka kituoni. Nilijua siku ile ile kwamba ulitembea.

Nilikwambieni kazi ya sauti inafanywa kwa macho. Juzi mchana wenzangu walipokwenda kula nilizima kioo changu, nikaweka programu kama hiyo yako, nikajaribu kufungua faili moja tu niandike jina langu. Nilishindwa. Niliishia kufungua kikokotoo, na sauti ikawa inanitajia namba nisizozielewa. Waliporudi walinikuta nimeshika tama mbele ya kioo kilichozimwa, wakadhani nimefukuzwa kazi.

Baada ya hapo niliipima upya ile prosesa, na safari hii picha sikuzijali. Niliipakia sauti, nikaongeza, nikaongeza, kila moja na mapambo yake, na ile programu ya kusoma inaongea juu yake. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwa ile ya viini vinne niliyowashauri mnunue. Ile yangu ilianza kukwaruza mapema, na yenu ilikuwa bado inatembea. Mngenisikiliza mngelipa zaidi, mkapata pungufu, na mimi ningejiona nimewasaidia. Mlichagua vizuri kuliko mimi.

Gazetini nimeandika kwamba kwa mtu wa michezo ya kompyuta bado haifai, ila kwa mtu anayefanya kazi kwa masikio sijaona ya bei hii inayoikaribia. Mhariri ameikata sentensi ya mwisho, anasema watu wa namna hiyo ni wachache mno. Nimeirudisha. Ameikata tena. Kesho nitairudisha, na sijui nani kati yetu atachoka kwanza, maana wote tumeshachoka.

Dada, umeniuliza habari za wifi yako barua baada ya barua na mimi napita kama sijaona. Yuko kwa dada yake tangu Januari. Aliniambia amechoka kuishi akikaguliwa. Nilimuona anatia chumvi tu. Sasa simuoni hivyo. Mama anadhani amekwenda kuuguza, na kila siku ananiuliza mgonjwa anaendeleaje.

Mwezi ujao nina likizo. Ningependa kuja. Shemeji, uamuzi huo ni wako, Chiriku asikusemee. Ukikataa nitaelewa, na sitanuna.

Kaka yenu

*

9 Julai

Kaka,

Tunakusalimu, na leo nasema "tuna", maana yupo hapa pembeni anasikia kalamu inavyotembea. Mama nimempigia, nikamwambia. Akasema alikuwa anahisi kuna kitu, ila alidhani tunaachana. Kwa hiyo amelia, halafu ameshukuru, halafu amelia tena. Utamkuta ametulia.

Redio tulikwenda wote wawili. Njiani nilikuwa na maneno yangu yaleyale mdomoni, kwamba ana kazi, kwamba ataeleza siku nyingine. Tulipofika mlangoni mtayarishaji akanyoosha mkono kumsalimia, mkono ukabaki hewani. Nikafungua mdomo, na shemeji yako akaniwahi. Akasema, mkono wako siuoni, nishike wewe. Mtu wa watu akashtuka, akamshika kwa mikono miwili.

Walisikiliza sehemu zote tatu sisi tumekaa. Mimi sikusikia hata neno, nilikuwa natazama uso wa yule mtu. Mwishoni akasema mvua ya sehemu ya pili ipunguzwe kidogo, na kwamba atatupa nusu mwaka kwanza, kisha ataangalia. Mwaka mzima haupo, kaka, lakini nusu ipo, na imeandikwa. Mwenye nyumba nimempelekea kodi. Yule wa magodoro amepata chumba ng'ambo ya barabara, jana amenipungia mkono. Tuliporudi nyumbani tulilala mchana kutwa kama wagonjwa.

Barua yako niliisoma yote, sikuruka. Pale mhariri anapokata na wewe unarudisha, alicheka. Ulipofungua kikokotoo alitaka nirudie. Kwenye viatu hakucheka. Alisema tu, kumbe alijua.

Kama amekusamehe sijui. Hajasema, na mimi sitakudanganya ili ufurahi. Siku nyingi hakugusa habari ya kuja kwako, nami sikumsukuma. Leo asubuhi nafuta kaunta, akaniita kutoka chumba cha nyuma akasema, mwandikie aje.

Ila ana ombi moja, na ameniambia niliandike kama alivyolisema. Watu wakija kumwona siku hizi wanafungua mlango wanasimama. Hawasemi. Wanamtazama kwanza wapate kumhurumia vizuri, wengine wanapitisha mkono mbele ya uso wake, wakidhani hajui. Anajua. Anawasikia wanavyopumua. Anakaa pale anangoja wamalize kumtazama.

Kwa hiyo ukifika, usisimame mlangoni. Sema ni wewe, uingie, ukae.

Dada yako